Konde la Tisa

Mji Mkongwe, Unguja
Jumatatu, 3 Februari 2025

Bi Mwatima,

Shikamoo. Hunijui. Jina langu Rawiya Nasser, nachora ramani katika ofisi moja ndogo huku Mji Mkongwe, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Jina lako nimepewa na sheha wenu. Nilimpelekea barua ya ofisi yenye maswali kumi na mawili, akanipigia simu kunijibu kwa maneno matatu: "Mwandikie Bi Mwatima." Akaongeza kwamba ulifundisha kisomo cha watu wazima miaka ishirini, na kwamba ukipigiwa simu huwa unakata.

Shida yangu ni hii. Nyuma ya kijiji chenu, ukiipita njia ya kisimani, kuna eneo la maweni ambalo kwenye ramani yangu linaitwa Kipande 47. Mimi nimeliona kwa picha za droni tu, kutoka juu. Sasa kuna mradi wa kilimo cha kisasa unaotafuta mahali pa kujenga vitalu nyumba, yale mabanda ya nailoni, wapande tungule, nyanya za saladi, na pilipili boga za kuuzia mahoteli. Kamati ya mradi inakutana Alkhamisi, tarehe 20 Machi. Kila kipande nitakachokipaka kijivu, yaani ardhi isiyotumika, kinaingia kwenye orodha yao. Nitakachokipaka manjano, yaani kinalimwa, hawakigusi.

Kipande 47 bado sijakipaka. Nataka kujua kwanza: kuna mtu analima pale? Analima nini? Nauliza kwa ajili ya kazi, lakini nauliza na kwa nafsi yangu pia. Nimezaliwa Unguja hii hii, nina miaka thelathini na moja, na sijapata kuelewa mtu anapandaje kitu kwenye jiwe.

Barua hii anakuletea Usi, muuza ndimu. Huja nazo Darajani kila Jumatatu, na amekubali kuwa tarishi wetu.

Wako,
Rawiya Nasser


Kizimkazi
Jumapili, 9 Februari 2025

Mwanangu Rawiya,

Marahaba. Simu sikati, inajikata yenyewe. Ni ya tochi, na betri lake limevimba. Lakini barua nazipenda, hapo sheha kasema kweli. Nilifundisha watu wazima mia na zaidi kuandika, kisha wote wakanunua simu, na hakuna hata mmoja anayeniandikia. Umenifurahisha sana.

Eti Kipande 47! Sisi tunapaita Kwa Mize, kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepafyeka, enzi za bibi yake bibi yangu. Pana makonde tisa, ya wanawake tisa, na ukuta wa mawe umetuzunguka sote ili nguruwe mwitu wasiingie. Langu liko katikati.

Kwanza ondoa neno "kwenye jiwe". Hatupandi kwenye jiwe, tunapanda ndani yake. Maweni yana mashimo, na ndani ya mashimo mna udongo mwekundu. Shimo moja litakuwa kama kikombe, jingine kama sufuria. Hili linataka punje tatu za mtama, lile mbaazi moja, lile pale papai. Ukitia zaidi, zinauana. Hulimi kwa jembe, litavunjika. Unatumia muo, mti mgumu uliochongwa ncha. Mwanamke anayajua mashimo yake kama ulimi unavyoyajua meno. Mimi ninalo moja kubwa kama beseni, mvua ikinyesha linajaa. Mwanangu Nassra nilikuwa nikimuogeshea humo alipokuwa na miaka minne, huku nikipalilia. Ukiniuliza konde langu ni ekari ngapi sijui, lakini nina mashimo mia mbili na kumi na sita.

Tunafyeka Disemba, tunachoma Februari, na masika yakianza tunapanda. Baada ya miaka mitatu konde linapumzishwa miaka minne, mitano, kichaka kirudi, kisha tunaanza tena.

Sasa zamu yangu kuuliza. Hiyo picha, naomba uniletee. Nataka kuuona mji wetu anavyouona kunguru. Na jambo la pili: mtu aliyemwandikia sheha maswali kumi na mawili, kisha akamwandikia tena mtu asiyemjua, ana jambo linalomkera. Nimesahihisha madaftari miaka ishirini, naona pale mwanafunzi alipofuta. Umefuta nini?

Mimi,
Mwatima


Mji Mkongwe
Jumatatu, 17 Februari 2025

Bi Mwatima,

Shikamoo. Usi amepita Jumatatu iliyopita na barua yako, na leo nimemwona tena. Nimechelewa wiki nzima kwa aibu.

Umeona sawa, nimekudanganya. Kipande 47 nilishakipaka kijivu mwezi wa Januari, na ramani iko mikononi mwa kamati. Picha ilipigwa tarehe 21 Februari mwaka jana. Niliona weusi, majivu, mawe meupe na kichaka katikati. Hapakuwa na tuta wala mstari. Chuoni tulifundishwa kwamba kilimo ukikitazama kutoka juu kinajulikana kwa mistari yake, basi nikaandika "haitumiki" nikaenda kunywa chai. Kilichokuja kunikera baadaye ni ule ukuta. Niliikuza picha nikauona, mwembamba, umeyazunguka majivu yote. Nikajiuliza nani anahangaika kujenga ukuta kuzunguka kitu asichokitumia. Ndipo nikamwandikia sheha.

Kumbe droni ilipita wiki ile ile mliyochoma. Nimeona haya kweli kweli.

Naweza kurekebisha mpaka tarehe 20 Machi. Lakini Bwana Abdulhakim, mkuu wangu, anasema barua pekee haitoshi. Anataka ioneshwe juu ya picha yenyewe nani analima wapi, na analima nini. Picha hii hapa, nimeichapisha kubwa. Nisaidie.

Nilimsomea mama barua yako. Mama yangu, Bi Tamima, hatoki sana nje ya mtaa wetu. Babu yangu alikuwa na shamba la mikarafuu upande wa magharibi, kwenye udongo mzito, likatoka mikononi mwake kwa karatasi ya serikali, mama akiwa mchanga bado. Mama hakuliona kwa macho ya kukumbuka, lakini anaweza kukutajia miti yake mmoja mmoja, kwa kusikia. Mwaka juzi nilikwenda kulitafuta nikakuta nyumba tu, bati kwa bati, na kituo cha mafuta. Sikuambii haya ili nilalamike. Nakuambia ili ujue kwamba mimi, kuliko wengi, nilipaswa kujua rangi ya karatasi inaweza kumfanya nini mtu, na bado niliipaka.

Na swali langu la leo: bila hati wala alama, mnajuaje konde ni la nani?

Wako,
Rawiya


Kizimkazi
Jumapili, 23 Februari 2025

Mwanangu,

Nilikasirika. Nilikasirika tangu adhuhuri mpaka alasiri, nikaunguza kunde. Kisha nikaitandika picha yako mkekani, na hasira ikaniponyoka bila ya mimi kutaka. Nimeiona nyumba yangu! Nimeona ndoo niliyoisahau juu ya bati. Na nimeona kanga nyekundu ya jirani yangu Bashira, ile aliyoapa mwaka jana kwamba imepeperushwa na upepo, imeanikwa kwenye kamba ya jirani yake, Radhiya. Sehemu hiyo nimeifunika kwa kitabu kwa usalama wa mtaa.

Umekosea, lakini umesema. Tuendelee.

Shamba la babu yako lilikuwa kwenye udongo. Wenye nguvu waliuchukua udongo wa magharibi, sisi tukaachiwa mawe ya kusini na mashariki. Ndiyo maana vijiji vyetu vimekaa vilivyokaa: watu walijenga palipo na maji, wakalima palipo na mashimo, na kilichopungua wakakitafuta pwani. Babu zetu wawili wangekutana wasingekuwa na la kuzungumza. Leo mimi na wewe tunaandikiana, basi nashukuru.

Sasa hilo la nani ni mwenye konde. Konde halina hati, lina mdomo. Kwetu konde haligawiwi, huombwa. Anayelitaka anakwenda kwa aliyelilima mwisho, anapiga hodi, anaketi, analitaja, anasema, "Naliomba." Akipewa, mavuno ya kwanza anampelekea sahani mwenyewe. Hata mwana kwa mama yake anaomba. Na mwenye konde hatangulii kumpa mtu ambaye hajaomba. Ukifanya hivyo ni kama unamwambia, "Mimi nakufa, wewe beba mzigo wangu." Ni uchuro, na ni kumlazimisha mtu. Basi unanyamaza mpaka uombwe.

Na mimi nina langu la kuuliza kuhusu hizo nyumba za nailoni, maana zinanishughulisha kuliko unavyodhani. Nassra, yule niliyekutajia, nilimpeleka kwa dada yangu huko mjini, Jang'ombe, akiwa na miaka saba apate skuli nzuri. Sasa anafua mashuka hotelini Paje na kulala huko huko. Yeye kaniambia tungule za mradi hazikai kwenye udongo. Ni kweli? Zinakula nini? Nani anachavusha maua, nyuki waingie wapi? Na kama hazitaki udongo, kwa nini wanataka makonde yetu? Kando ya barabara kuna lile chimbo walilochimba mawe ya ujenzi, pana, sawa, halioti hata jani. Mbona wasijenge huko?

Picha nitairudisha ikiwa imejaa.

Mimi,
Mwatima


Mji Mkongwe
Jumatatu, 24 Februari 2025

Bi Mwatima,

Shikamoo. Usi ananisubiri chini na gari lake limezuia njia, basi naandika haraka.

Nimempigia mhandisi wa mradi. Ni kweli: mche unakaa kwenye mfuko wa makumbi ya nazi yaliyosagwa, na chakula chake huletwa na maji, tone kwa tone, kwa mpira mwembamba. Chavua ya tungule wanaitikisa kwa mkono, wanagonga kamba asubuhi. Udongo wa chini haufanyi kazi yoyote. Nikamsomea swali lako neno kwa neno: kama hamtaki udongo, kwa nini mnataka makonde? Akasema, "Kwa sababu ramani inaonesha kijivu."

Chimbo la mawe halimo kwenye ramani yangu kabisa. Nililiacha kwa kuwa halikuwa shamba wala msitu. Nitaliingiza.

Ramadhani njema, inshallah.

Rawiya


Paje
Jumanne, 4 Machi 2025

Dada Rawiya,

Assalaam alaykum. Mimi ni Nassra, mwanawe Bi Mwatima. Ijumaa nilikwenda kumtazama mama, nikaikuta barua yako mezani, ile ya aibu yako, nikaisoma na nikanakili anwani ya ofisi. Samahani kwa kuisoma. Nyingine zote kazifungia kabatini.

Nakuomba usiuzuie mradi. Mwaka wa nne huu nafua mashuka. Masika yakiingia wageni wanapungua, tunarudishwa nyumbani miezi miwili mpaka waitwe tena wanaotakiwa. Nilipokuwa nyumbani mwaka jana nilisoma kozi ya wiki sita ya vitalu nyumba. Najua kupima chumvi ya maji, najua kukata vikonyo. Mradi umesema utaajiri watu wa hapa hapa. Dada, nataka kuotesha kitu. Mashuka nayafua, yanachafuka, nayafua tena, na siku imekwisha.

Sijui mama anakuandikia nini. Konde lake mwenyewe hajalikanyaga mwaka wa saba huu, kwa maradhi ya magoti. Na mimi hajanipa hata shimo moja. Nilisubiri. Nilipomaliza skuli nikasema atanipa sasa. Niliporudi kusini kufanya kazi nikasema atanipa sasa. Nadhani ananiona mikono yangu ya Jang'ombe. Inaniuma, lakini sitamuuliza, nitaanzaje kumdai mama yangu? Kama hanioni mimi, basi litumike na watu wengine.

Tafadhali usimwambie kwamba nimekuandikia.

Nassra


Kizimkazi
Jumapili, 9 Machi 2025

Mwanangu Rawiya,

Ramadhani karimu. Picha yako hiyo, Usi nimemwapisha asiweke ndimu juu yake. Usiikunje.

Uliomba ioneshwe nani analima wapi na analima nini. Kalamu ya rangi hatuna, na hata tungekuwa nayo, wewe na rangi mmeshatutia mashakani. Basi tumebandika mbegu zenyewe. Punje nyeupe ni mtama, za kijani ni choroko, za rangirangi ni mbaazi, nyeusi ni za papai. Palipo na muhogo, ambao mbegu yake ni kijiti, tumebandika ganda. Gundi ni uji wa unga wa ngano. Tulikaa barazani kwangu asubuhi kabla jua halijawa kali, na kila mwanamke kabandika kwake kwa mkono wake, shimo kwa shimo, kama yalivyopandwa mwaka jana. Ungeyasikia mabishano! Bashira kadai shimo la mpakani ni lake, Radhiya kasema lake, na picha ikatoa jibu, kwani ukuta unaonekana, tukahesabu mashimo kuanzia hapo. Wakati huo kitabu changu kilikuwa kimekaa palepale juu ya kanga. Sisimizi walikuja kuvamia choroko za Radhiya, na sisi tumefunga, tunawatazama wanavyokula.

Pembeni nimeandika majina. Mwoneshe mkuu wako.

Mimi,
Mwatima


Mji Mkongwe
Jumatatu, 10 Machi 2025

Bi Mwatima,

Shikamoo. Nimeitandika juu ya meza ya ofisi na kila mtu ameacha kazi yake. Bwana Abdulhakim amevua miwani, ameivaa, ameinama mpaka pua ikakaribia mtama. Amesema miaka ishirini na sita ya kazi hajapata kuletewa kitu kama hiki. Kisha akauliza kama panya wa ofisini wataiacha salama, na kwa hiyo imelazwa ndani ya kabati la chuma.

Lakini nimehesabu mara tatu. Uliniambia wanawake tisa. Majina yaliyoandikwa pembeni ni manane. Na katikati, lile konde lenye shimo kubwa kama beseni, pako wazi. Hakuna hata punje.

Nisamehe kwa nitakalosema. Punje kumi tu zingetosha, na hakuna mtu hapa ambaye angejua. Kwa nini hukubandika?

Na sasa nifanye nini napo? Nikiandika "linapumzika" watakubali. Nimeiongeza rangi hiyo mpya, kijani hafifu, kwa sababu yako. Niambie tu kwamba linapumzika.

Rawiya


Kizimkazi
Jumapili, 16 Machi 2025

Mwanangu,

Nimeiweka barua yako chini ya mto wiki nzima.

Konde linapumzika miaka minne, mitano. Langu lina miaka saba. Hilo si kupumzika, hilo limeachwa. Magoti yangu hayapandi maweni tena. Nilipokuandikia mwanzo "wanawake tisa" niliona haya kusema wanane. Nilimwambia mtu wa mjini kwamba nayajua mashimo yangu kama meno, na meno yenyewe nishang'oa. Lakini kuandika kwenye barua ni jambo moja, na kubandika mbegu mbele ya wanawake wanane wanaoniona kila siku, mwezi wa Ramadhani, ni jambo jingine. Mkono ulikataa.

Huwezi kuniuliza kwa nini sikumpa Nassra, kwa kuwa nilikwisha kukueleza. Hajaomba. Kila anapokuja Ijumaa namwona anatazama njia ya kisimani, nasema leo atasema. Anakunywa chai, ananisugua magoti, anaondoka. Ana kazi ya mshahara na nguo nyeupe. Ataomba mawe ya nini? Nilimpeleka mjini mwenyewe ili asije akainama kama mimi. Sasa nimepata nilichokitaka, na kinaniuma.

Usiandike "linapumzika". Andika ukweli.

Mimi,
Mwatima


Mji Mkongwe
Jumatatu, 17 Machi 2025

Mdogo wangu Nassra,

Waalaykum salaam. Barua yako ilinifikia zamani, na nimeshindwa kuijibu mpaka leo.

Sitamwambia mama yako uliyoniandikia. Na yeye ameniandikia mambo ambayo sitakuambia wewe. Lakini mwezi wa Februari nilimuuliza swali la ramani tu, mtu anapataje konde kwenu, na jibu lake si siri. Linaingia kwenye maelezo ya ramani na kila mtu atalisoma. Wewe uliondoka kijijini ukiwa na miaka saba, na mimi sijawahi kuishi huko, kwa hiyo huenda hatukulijua sote wawili. Nakunakilia kama alivyoandika:

"Kwetu konde haligawiwi, huombwa. Anayelitaka anakwenda kwa aliyelilima mwisho, anapiga hodi, anaketi, analitaja, anasema, 'Naliomba.' Hata mwana kwa mama yake anaomba. Na mwenye konde hatangulii kumpa mtu ambaye hajaomba."

Kuhusu mradi, sitauzuia. Nitapendekeza ujengwe kwenye chimbo la mawe, kando ya barabara. Huko wakikuhitaji, nenda.

Dada yako,
Rawiya


Mji Mkongwe
Jumatatu, 24 Machi 2025

Bi Mwatima,

Shikamoo. Kamati ilikutana Alkhamisi, saa tatu mpaka adhuhuri. Ramani yenu ya mbegu ilibebwa na watu wawili kama mtungi. Mwenyekiti aliuliza ufunguo wa ramani uko wapi, yaani maelezo ya alama. Nikamwambia aikwangue kwa ukucha aonje. Wote tulikuwa tumefunga, ndiyo maana walicheka.

Makonde manane yametolewa kwenye orodha. Ni manjano, nimeyapaka mbele yao. Na mhandisi wiki ijayo anakwenda kulipima chimbo. Amesema lina upana wa kutosha, ila kwa kuwa halikuwa kwenye ramani hakuna aliyeliwazia.

Konde la tisa niliandika ukweli, kama ulivyotaka: halijalimwa miaka saba. Mtu mmoja wa kamati akasema basi, hapo katikati patatosha kwa tangi la maji na kitalu cha majaribio. Nikaomba muda. Wamenipa mpaka tarehe 10 Aprili, msimu wa kupanda. Ikiwa ifikapo siku hiyo kuna mtu amelishika na amepanda, nalo ni manjano. Ikiwa hakuna, wanalichukua, na njia ya kulifikia itapita ndani ya konde la Radhiya.

Sikuweza zaidi ya hapo. Ninasikitika, na ninalisubiri jambo hili kama vile ni la kwetu.

Rawiya


Kizimkazi
Jumatano, 2 Aprili 2025, Idi tatu

Mwanangu Rawiya,

Idi mubarak wewe na Bi Tamima. Mwambie mama yako namwalika aje aone mawe.

Siku ya Idi mosi Nassra alikuja mapema, nikajua kaja kula. Ana ufunguo wa nyumba hii, na tangu utotoni huingia kwa mlango wa uani akiita "Mama" huku keshafunua chungu. Jana yake kulinyesha, masika yameanza. Basi nimekaa napepeta mchele, nasikia mlango wa mbele unabishwa.

"Hodi!"

Nikasema, "Karibu, nani?"

Akabisha tena, "Hodi!" Nikainuka na magoti yangu, nikafungua, namwona mwanangu amesimama barazani na nguo yake ya Idi, viatu ameshavua.

Nikamwambia, "We Nassra, umepatwa na nini? Ingia, nnakuwekea chai."

Akaingia. Akaketi chini, mkekani, si kitini. Nikakaa. Akanitazama, nami nikaanza kufahamu.

Akasema, "Mama, nnakuomba konde. Lile la Kwa Mize, la katikati, lenye shimo ulilokuwa ukiniogeshea."

Nilidhani amelisahau, mwanangu. Alikuwa na miaka minne. Nililia, sikuficha, nikalia mpaka mchele ukamwagika, na yeye akalia, akasema, "Mama, mie nlikuwa nnasubiri unipe." Nikamwambia, "Na mie nlikuwa nnasubiri uombe." Miaka saba! Tulicheka kwa uchungu.

Hakuniambia nani kamfundisha kupiga hodi kwao. Sikumuuliza. Lakini kajifunza kwa maneno yangu mwenyewe, na maneno hayo niliyaandika mara moja tu, kwa mtu mmoja. Nimesahihisha madaftari miaka ishirini.

Jana wanawake wanane walimsaidia kufyeka. Kuchoma haiwezekani tena, mvua imeshanyesha, basi ameyasafisha mashimo kwa mkono, moja moja, nami nimekaa huku penye ukuta namwelekeza kwa kelele. Amenibishia kuhusu nafasi za mtama, eti kozi yake inasema vingine. Amepima na udongo kwa kidude chake. Akiitwa chimboni ataajiriwa, na jioni atapita Kwa Mize. Leo amemaliza mashimo arubaini. Mhandisi wako aje aone kabla ya tarehe kumi.

Ndani ya barua hii kuna karatasi iliyokunjwa mara nne. Ifungue polepole, ina mbaazi moja. Ni ndugu ya hizo alizozipanda asubuhi ndani ya lile shimo kubwa. Uji wa ngano upike mwepesi, usitie mabonge. Kisha ibandike pale katikati, na pembeni, chini ya yale majina manane, andika: Nassra, mwana wa Mwatima.

Mimi,
Mwatima